Mbegu Uliyoniomba Nimeipika

Mpanda, nyuma ya stesheni
Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta jikoni, kaa hukohuko kwenye kigoda chako. Kama imekukuta shambani, maliza mstari kwanza halafu uje. Natumaini mguu unaokusumbua wakati wa mvua umepata nafuu, na lile paa la nyuma limeacha kuvuja. Na wewe Elias, mdogo wangu, unayemsomea Mama, nakujua. Usirukeruke mistari ili uwahi mpira. Soma polepole, na ukiona Mama amenyamaza, nyamaza na wewe kwanza.

Sisi huku tupo. Neno wazima naliacha, maana ukilisikia utamshukuru Mungu bure. Watoto hawajambo. Neema amekuwa mrefu, karibu ananipita, na analijua hilo. Mdogo wake bado ana maneno mengi kuliko meno.

Barua yako niliipata kwa yule mama anayeleta mawese kutoka Kigoma. Umeniambia maharage yenu yameozea shambani kwa mvua hizi, na yale ya ndani yameota ukungu, na kwamba umemuuliza dada Veronika naye hana kitu. Kwa hiyo unaniomba mimi nikurudishie ile mbegu uliyonifungia kwenye kanga siku ninaondoka kwenda kwa mume, kama bibi alivyokufungia wewe. Nakumbuka ulivyosema siku ile. Ulisema kila binti anaondoka na mbegu yake ili ikifa kwako ipatikane kwangu, na ikifa kwangu ipatikane kwako.

Mama, mbegu haipo. Nimeipika. Nimetanguliza hilo kwa sababu sikutaka ukae unasubiri hadi ukurasa wa mwisho. Sasa nisikilize ilivyokuwa, halafu unikasirikie, maana haki yako unayo.

Ulipomwona Baba Neema mara ya mwisho alikuwa mtu wa kubeba gogo begani huku anapiga mluzi. Ndivyo alivyokuja Kasulu kupasua mbao, na ndivyo nilivyompendea, wala sioni haya kusema, Elias asome tu. Sasa mabega yamebaki mifupa na tumbo ndilo limebeba kila kitu. Limejaa maji. Hospitali wanayatoa kwa sindano, yanarudi. Wao wanasema ni ini. Ndugu zake wa Kabungu wanasema ni mkono wa mtu. Walikwenda kwa waganga wakarudi na majina, na majina yenyewe ni ya majirani maskini ambao hawana hata nauli ya kumfuata mchawi. Shamba letu la Kabungu maji yamelilaza lote, na kaka yake mkubwa ameanza kulizungukia akilipima kwa hatua, kama mtu anayejaribu suruali ya marehemu wakati marehemu bado anakohoa. Niliyaona hayo kwa macho yangu nikarudi mjini bila kumuaga mtu.

Mara ya mwisho tulipolazwa, daktari aliniita pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani, nimpe chochote anachotaka kula, ila kiwe kilaini. Nilifurahi, Mama. Nilidhani ni ruhusa, kwamba amepata nafuu. Nilikuja nikamsimulia Mama Kulwa, jirani yangu, Msukuma ambaye yeye na mumewe walishuka huku na ng'ombe wao miaka ile. Ni mtu wa kucheka, unamsikia tokea kisimani. Siku hiyo hakucheka. Alinishika mkono akasema, “Mayu,” ndivyo wao Wasukuma wanavyomwita mama, “daktari akisema mpe anachotaka, amemaliza dawa zake.” Ndipo nikaelewa nilichoambiwa kule hospitali.

Basi nikaingia ndani nikamuuliza mume wangu anataka kula nini. Akasema maharage.

Sasa, maharage gani? Hapo ndipo tulipokwama, na ndipo nilipopotelea mwezi mzima. Mvua zimekata barabara ya Mwese, na unajua huku maharage ya maana yanashuka kutoka Mwese milimani. Sokoni yalibaki ya kukusanya chini ya meza. Kuni zimelowa, ukiwasha unapata moshi na machozi, moto hamna. Mkaa ndio tunaopikia sisi wa mjini, na maharage makavu yanakula mkaa kutwa nzima. Halafu nani atakaa kuuchochea? Mgonjwa anataka kugeuzwa, anataka kupelekwa uani, anataka kufutwa jasho. Mara nyingi niliinjika chungu nikakirudia kimekauka na kuungua.

Mama Kulwa ndiye aliyenitia akili ya kopo. Alisema, “Nyie Waha mnapenda kuhangaika. Kopo unafungua, unapasha, mgonjwa anakula, wewe unapumzika. Nani atakupa medali kwa kupuliza kuni?”

Wewe hujawahi kuyaona maharage ya kopo, acha nikueleze. Ni kopo la bati la kutosha kiganjani, limebandikwa picha ya sahani nzuri ambayo humo ndani huikuti. Unatoboa kwa kisu. Maharage yenyewe ni madogo, yamepauka, yanaogelea kwenye rojo la nyanya lenye sukari. Ndiyo, Mama, sukari. Yameshaiva huko yalikotoka. Hakuna kuchambua mawe, hakuna kuloweka, hakuna kumwaga maji ya kwanza. Unayapasha tu kidogo, na mtu ameshakula kabla hujatafuta kijiko cha pili. Siku hizi maduka ya karibu na stesheni yamejaa vitu vya namna hiyo, na mwenye duka aliniambia wazungu wanayala asubuhi na mkate. Nikamwambia kumbe ndiyo maana wanatembea haraka vile.

Nisiwe mwongo, kwa kazi yalinisaidia. Ni malaini hata mtu asiye na meno atayala, hayamjazi mgonjwa gesi, na mkaa wa chai unatosha. Kama ningekuwa napikia tumbo tu, ningekuwa nimemaliza. Lakini Baba Neema alionja kijiko kimoja akaniangalia. “Nani kaweka sukari kwenye mboga?” Nikasema ni ya kopo, ya mgonjwa. Akasema yeye hajawa mtoto mchanga.

Siku ya pili nikafanya ujanja. Niliyamwaga kwenye chujio nikayaosha mpaka rojo lote likatoka, kama unavyomsugua mtoto aliyetoka kuchezea tope. Nikakaanga kitunguu, nikatia mawese yetu ya Kigoma, chumvi, pilipili mbuzi nzima juu bila kuipasua, kila kitu kama ulivyonifundisha. Hata harufu ilikuja vizuri. Nikampelekea nikiwa na uso wa mtu asiyejua kitu. Alikula kidogo, akatafuna taratibu, na mimi nimesimama mlangoni kama mtu aliyeiba.

Akasema, “Mama Neema, hii mboga ilishaivia kwa watu wengine. Hii hapa imekuja kupashwa tu. Mimi nataka ya kuivia hapa hapa, niisikie inachemka. Nataka ile ya mama mkwe.”

Nikashangaa, Mama. Miaka yote hiyo amekula maharage yangu na hajawahi kutamka hilo. Ndipo akanieleza kwamba siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, ulimpelekea bakuli chumba cha mbele ale peke yake, kwa kuwa mkwe hali mbele ya mama mkwe. Anasema aliyamaliza, akatamani kuongezewa, akaona aibu kuita. Akakwangua bakuli kwa kidole, akalamba, akalifuta na kulirudisha kama mtu aliyeshiba. Anasema hajawahi kula kitu kama kile tena. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, tumbo likamuuma tukaacha.

Tangu hapo ikawa ndiyo habari ya kila siku. Mama mkwe, mama mkwe. Kila treni ikipiga honi anauliza kama kuna mtu ameshuka kutoka kwetu.

Kopo nikaliweka kando. Siku moja lori likafanikiwa kushuka kutoka Mwese, watu wakaligombania kama basi la Krismasi, na mimi nikapata yangu kidogo, makavu. Nikasema leo nimepona. Kumbe yalikuwa ya zamani, yamekaa kwenye gunia mpaka yamesahau maji. Niliyaloweka, nikayainjika alfajiri, mchana yanalia kwenye sufuria kama changarawe. Nikatia magadi, nikaongeza magadi, maji yakawa meusi na maharage yakabaki yaleyale. Baba Neema aliyala kwa heshima yangu tu. Tumbo lilimkaza kutwa ya kesho yake, akawa anauma shuka ili watoto wasisikie. Nikaapa kutompa tena makavu ya sokoni. Kwa hiyo ya kopo hayataki, na makavu yanamuumiza. Nikawa sina la kufanya ila kuangalia juu, kwenye kile kibuyu cha mbegu yako, ambayo kila mwaka nilikuwa naipanda Kabungu na kuibakiza.

Barua yako ilinikuta nakiangalia tayari, Mama. Nilisoma ombi lako nikaikunja, nikaificha kwenye blauzi kama msichana aliyeandikiwa na mwanamume. Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe uliye mbali, nikamkasirikia na yeye aliyelala ndani, kwamba nyote wawili hamkuona kitu kingine cha kuniomba isipokuwa kilekile kimoja. Unisamehe kwa hilo, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Nikakitelemsha. Nilikuwa nimekitunza kama ulivyonifundisha: majivu ndani, mdomo nimeuziba, nimekitundika juu ya jiko moshi ukipate. Nilipokifungua, fukusi wakatoka mmoja mmoja kama wenye nyumba. Mama, kwetu tunapikia kuni, moshi unapanda kutwa na mbegu inakuwa salama. Mimi napikia mkaa. Nilitundika kibuyu juu ya jiko la mkaa mwaka mzima, na mkaa hauna moshi. Hata mara moja halikunijia kichwani. Nilifuata maneno yako kama sala, na sikuangalia jiko lenyewe.

Nilimwaga yote kwenye ungo nikachambua. Yaliyotobolewa yalikuwa mengi, nikawatupia kuku. Mazima yalijaa bakuli moja. Yale yale mekundu yenye doa jeupe kwenye kitovu, mazuri, yanateleza mkononi. Bakuli moja tu, Mama. Ni pishi la mtu mmoja au ni mbegu ya bustani mbili, yako na yangu.

Mama Kulwa alinikuta nimeyakodolea macho. Nikamwambia ninachofikiria. Akashtuka. “Mayu, mbegu haipikwi! Sisi mwaka wa njaa tulilala na maji tumboni na mbegu iko darini, na hakuna aliyeinua mkono. Mpe la kopo, mwambie limetoka kwenu. Mgonjwa atajuaje?” Nikamwambia atajua. Akasema, “Basi bakiza kiganja kimoja.” Hilo nililiona la maana. Nikatoa kiganja, nikakiweka pembeni kwenye kitambaa.

Halafu nikajiuliza nitakipanda wapi. Shamba linapimwa na shemeji. Nyumba hii ni ya kupanga. Mwaka kesho mimi na watoto hawa tutakuwa Kabungu, au Mpanda, au tumekaa kwenye mizigo yetu Kaliua tunasubiri treni ya kuja kwako, sijui. Ningeweza kukutumia wewe kile kiganja. Ningeweza, na yule mama wa mawese angekifikisha. Nilikishika muda mrefu. Kisha nikayatazama yaliyobaki kwenye bakuli, nikaona hayafiki hata nusu ya sahani, na mume wangu ndani ananiita kwa sauti ambayo siku hizi inabidi ukae kimya ndipo uisikie. Nikakimimina humo humo. Nimekwambia ukweli ulivyo.

Nililoweka usiku. Asubuhi nikamwaga maji ya kwanza, nikainjika kwenye chungu, siyo sufuria. Neema nikamzuia kwenda shule akae na baba yake, mimi sikutoka kwenye moto. Nilikuwa naongeza maji ya moto kidogo kidogo, sikutia magadi hata chembe, sikugusa mwiko. Mchana ukafika maganda yakaanza kulegea, supu ikawa nzito na nyekundu, na ile harufu, Mama. Nilijifunika kanga usoni nikalia kama mtoto. Nilikuwa sijalia tangu hospitali. Ilikuwa harufu ya kwako, ya saa tunarudi kuteka maji na wewe unatufukuza tusifunue chungu.

Kutoka ndani akauliza, “Unapika nini?” Nikasema subiri. Sikutaka kumwambia. Nilitaka ayajue mwenyewe kwa ulimi wake, nione uso wake akiyajua. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu mimi, sikuwa na nyingine niliyoitegemea.

Nikampakulia kwenye bakuli, siyo sahani. Nikamwinua, nikamwegemeza ukutani na mto. Yalikuwa yameiva mpaka yanapasuka yenyewe, laini kama alivyotaka daktari. Nikamlisha kijiko cha kwanza. Akatafuna. Nikamlisha cha pili. Akameza, akafunga macho, nikajua sasa anasema.

Akanishika mkono ulioshika kijiko, akausukuma taratibu. Akasema, “Mama Neema, usijisumbue tena na haya ya kopo. Najua unahangaika. Tungoje tu mama yako atume yale yenu.”

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nayo maneno yote. Kisha nikamwangalia, nikaona nikimwambia kwamba haya ndiyo yenyewe, atajua ulimi wake umekufa kabla yake, na hatakuwa na kitu cha kungojea tena. Nikasema, “Sawa, Baba Neema. Mama atatuma.” Nikatoka na bakuli. Watoto walikula yaliyobaki wakasema ni matamu, wakaniomba niyapike tena kesho. Nami nilionja, Mama. Yalikuwa yenyewe kabisa.

Tangu siku ile anakula la kopo. Anakunywa rojo vijiko viwili vitatu, halalamiki tena habari ya sukari. Anasema ni la kushikia roho tu mpaka yale yafike.

Sikuombi kitu, Mama. Najua huna. Nakueleza ili usimtume mtu kuja kuchukua mbegu, na usimtume dada Veronika kunilaumu, maana nimeshajilaumu. Elias, wewe akitokea mtu kutoka huku akawapitia, msimwambie habari ya mbegu wala ya kuoza kwa maharage yenu. Maneno yanasafiri mpaka kwa mgonjwa, nayo hayakatikiwi na barabara.

Msalimie baba mdogo fundi baiskeli, mwambie ile pampu yake bado ninayo. Msalimie shangazi aliyenilea nilipougua surua, na mama yangu wa ubatizo, aniombee, ila asiombe miujiza, aombe usingizi. Dada Veronika na watoto wake wote nawasalimia, pamoja na bibi wa kule mtoni kama bado anafunga kitambaa chake cha bluu.

Barua hii nampa yule mama wa mawese, anaondoka na treni ya leo. Baba Neema ameniona naandika akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya kwako. Anakusalimia kwa heshima zote, na amesema nikwambie usijiharakishe, barabara ni mbaya, yeye atasubiri.

Ni mimi mwanao,
Skolastika